Miaka Miwili ya Kufinya Diapo za Watu

Nimestaafu. Msicheke. Niko na miaka kumi na saba, niko darasa la sita la sekondari, na mama yangu bado ananusa shati langu kabla sijaenda misa. Lakini kazi niliianza na kazi niliimaliza, na mtu aliyemaliza kazi ana haki ya kukaa chini na kuandika. Shida ni hiyo ya kukaa chini. Mguu wangu wa kulia hautulii. Hata sasa unatikisa meza, na herufi zinatoka kama zimetoka bar.

Ninawaandikia ninyi wadogo wa darasa la tatu na la nne ambao nasikia mnagombania nafasi yangu. Nafasi yenyewe ni hii. Hapa Lubumbashi mwanafunzi akimaliza masomo ya juu, anatetea kazi yake mbele ya jury, jopo la walimu wanaompima. Anasimama karibu na ukuta, amevaa suti ya kaka yake, na nyuma yake zinapita slaidi, sisi tunaziita diapo. Mashine haigusi. Mashine iko mezani, na pale mezani amekaa mtu mwingine aliyekuja pamoja na projekta. Msomi anasema "Suivant", yaani inayofuata. Yule mtu anafinya, diapo inaingia. Yule mtu nilikuwa mimi, miaka miwili mizima. Wanafunzi waliniita Monsieur Suivant, na kuna tantine mmoja sokoni hadi leo anaamini ndilo jina la ukoo wetu.

Aliyenifundisha kazi ni Yaya Philo; yaya kwetu ni dada mkubwa, hata asiye wa damu. Alikuwa anashika kibanda cha kuandika na kuchapisha mbele ya lango la institut moja ambayo siitaji, kwa sababu mdogo wangu anataka kusoma pale na sipendi kumharibia njia. Yaya Philo mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa institut ile ile, upande wa kilimo. Diapo za wengine alizimaliza kila siku, lakini kazi yake mwenyewe, juu ya mahindi na chokaa kule Lukafu, ilikuwa imekwama. Mara ya kwanza alipoitetea alisimama karibu na ukuta, akasoma diapo nne, sauti ikakatika kama redio yenye betri za kuanikwa juani, na jury wakamwambia arudi kikao cha pili. Baada ya kikao cha pili hakuna kingine. Na Lukafu kulikuwa na mradi wa mbegu uliomwekea nafasi na kumwambia wazi: diploma kwanza, na mwaka mwingine hatungoji. Wekeni hilo kichwani, maana habari yote inaelekea pale, hata nikipitia kwingine. Nitapitia kwingine. Ni huu mguu.

Siku ya kwanza nilikwenda kibandani kuchapisha kazi ya jiografia ya ukurasa mmoja. Mbele yangu kulikuwa na msomi wa sheria, na kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na diapo yake. Nikacheka.

"Uko nacheka nini?" Yaya Philo akauliza bila kugeuka, vidole vikiendelea kukimbia.

"Yaya, hii diapo iko na maneno mingi kuliko Biblia ya tate yangu."

Msomi wa sheria akanitazama kama aliyekwisha kunihukumu. Yaya Philo yeye akageuza kompyuta kuelekea barabara.

"Toka inje. Enda simama kule kwa mama wa mukate. Geuka. Soma."

Nikavuka barabara, nikageuka, nikakaza macho.

"Unaona nini?"

"Ninaona 'Introduction'. Kisha sisimizi!"

"Umesikia?" akamwambia msomi. "Professeur mwenye kukaa nyuma, macho yake haipite ya huyu mutoto. Na mutoto iko na hamu ya kusoma, professeur hana. Futa. Bakisha mistari tano."

"Lakini iko doctrine yote, Yaya!"

"Doctrine iko ya mudomo yako. Ukuta haitetee kazi."

Kisha akanichapishia jiografia yangu na kuniambia, "Kesho, kisha masomo, kuya."

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwa macho. Wiki tatu nilisimama kando ya mama wa mukate nikisoma diapo kwa sauti kuvuka barabara, pikipiki zikipita katikati ya sentensi. Mama wa mukate akajifunza kutamka "problématique" vizuri kuliko wanafunzi wengi wa licence. Na mimi nikajifunza yale ambayo hakuna aliyeniandikia, basi mimi nawaandikia: kisichosomeka kutoka kwenye mikate kinafutwa. Herufi nyekundu juu ya bluu zinaumiza macho, halafu zinapotea. Njano juu ya nyeupe ni barua kwa Mungu, binadamu haisomi. Picha ukiivuta upande mmoja, mkurugenzi wa kampuni anakuwa mnene na anajua. Na diapo moja ibebe neno moja la maana. Ukiona yamekuwa mawili, ipasue.

Baadaye nikaruhusiwa kushika vyombo. Kompyuta yetu ilikuwa imeng'oka kidude cha mshale wa kulia, kile hasa cha kufinyia. Kilichobaki ni kichuchu cha mpira kilichohitaji ncha ya kidole, tena kidole chenye moto. Msimu wa baridi nilitembea na mkono mfukoni kama mtu aliyeiba. Projekta ilikuwa na doa la njano pembeni kushoto, kwa hiyo uso wa mtu hatukuuweka pale kamwe. Tuliwahi kusahau, mkuu wa kitivo akaonekana mgonjwa wa ini, na watu wakamuuliza habari za afya mwezi mzima. Tulikwenda na mashine yetu kila mahali, kwa sababu ukipeleka flash kwenye mashine ya watu herufi zinageuka vijisanduku. Na kabla ya siku yenyewe tulikwenda kutazama madirisha. Ndiyo, madirisha. Sala nyingi, yaani vyumba vya kutetea, hazina mapazia, na saa nane jua linaingia lote kama mgeni wa harusi asiyealikwa. Kwa mchana ule, herufi nyeusi juu ya nyeupe. Wale wanaopenda diapo nyeusi zenye nyota wakatetee asubuhi.

Halafu kufinya. Watu wanadhani kufinya ni kufinya. Ukifinya mapema, jury wanasoma hitimisho wakati msomi bado yuko kwenye shida. Ukichelewa, anasema "Suivant... suivant... Suivant, nimesema!" na mama yake aliyeko nyuma anaanza kukuchukia. Msitazame mdomo. Tazameni mabega. Mtu akimaliza wazo mabega yanashuka kidogo. Finya hapo, na neno "Suivant" litaikuta diapo imekwisha kufika. Simu zima. Na usipige chafya mkono ukiwa juu ya mashine. Mimi nilipiga, nikamrusha mchumi mmoja kutoka utangulizi hadi "Tunawashukuru kwa kutusikiliza". Jury wakapiga makofi. Walikuwa na njaa.

Kesi ngumu? Ziko. Ninyi mnajua kibanda hakiishi kwa wasomi peke yao. Mtu akifariki, familia inaleta picha zake, tunazipanga na muziki, zinapita ukutani pale kwenye kilio: njiwa wanaruka, mishumaa inawaka, "Repose en paix", pumzika kwa amani, inaingia polepole kutoka chini. Na ili kazi iende mbio, hakuna anayeanza na ukurasa mweupe. Unafungua faili ya zamani, unaihifadhi kwa jina lingine, unabadilisha maneno. Ndivyo mji mzima unavyofanya. Harusi inajengwa juu ya kilio, kilio juu ya semina ya pasta, semina juu ya ubatizo. Basi mwaka jana nikatengeneza diapo za dada mmoja aliyeandika juu ya kupanga dawa kwenye duka la dawa, na nikazijenga juu ya kilio cha babu mmoja wa shirika la reli. Njiwa nikawafuta. Mishumaa nikaifuta. Ile ya mwisho sikuifungua.

Siku ya kutetea dada akaenda vizuri. Akasema "Suivant" ya mwisho, nikafinya, mishumaa miwili ikawaka ukutani na maneno yakapanda taratibu: "Atabaki mioyoni mwetu." Président wa jury akaangalia. Akavua miwani. Akasimama. Jury wote wakasimama. Sala nzima ikasimama, tukakaa kimya dakika moja, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayejua nani amekufa. Dada naye akainamisha kichwa, afanye nini? Kisha président akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, mademoiselle," na hakuna aliyethubutu kumuuliza swali gumu. Alipata alama nzuri. Yaya Philo alipopata habari alinikimbiza na rula hadi kwenye kituo cha teksi, halafu akakaa juu ya tairi akacheka mpaka akashika tumbo.

Nawaambia hayo ili mjue alikuwa mtu wa namna gani. Kibandani hakuna aliyemshinda kusema. Wateja watatu kwa mara moja, mmoja analia, mmoja anagomba, mmoja amesahau jina la kazi yake mwenyewe. Yaya Philo anaandika ya kwanza, anamjibu wa pili, anamsahihisha wa tatu. Mimi niliona mdomo wake tu. Sikutazama mahali pengine, na hilo lilikuwa kosa la kazi.

Kikao cha pili kilipokaribia, akanionyesha diapo zake. Zilikuwa arobaini na moja. Nikapitisha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mguu ukaanza.

"Yaya, njo nini hii?"

"Njo diapo zangu."

"Hapana. Hii iko testament ya mufalme."

"Finya, acha maneno."

"Ulimukatia ule mutu wa droit mistari yote, akabakia na tano. Weye uko na kumi na tisa. Kumi na tisa, Yaya! Twende kwa mama wa mukate tupime."

"Mama wa mukate haiko mu jury."

"Lakini weye njo ulisema ukuta haitetee—"

"Merdi." Akaniita jina langu, na jina langu hakulitumia mara nyingi. "Sikia. Mara ya kwanza nilisimama pale, mikono haina fasi ya kukaa, kichwa ikakuwa nyeupe. Nyeupe, unasikia? Hata jina ya mama sikuijua. Sasa kama maneno yote iko pa ukuta, kichwa ikienda, iende. Miye nitasoma tu mpaka mwisho."

"Na bakikuuliza?"

"Nitasoma tena."

Nikatazama mpangilio wake. Katikati ya ile misitu ya maneno kulikuwa na picha alizopiga Lukafu: yeye mwenyewe, mfupi, amevaa buti, amesimama katikati ya mahindi. Picha nzuri kabisa, ndogo kama tembe, zimesukumwa pembeni, nyingine juu ya lile doa la njano.

Siku yenyewe nilifika mapema kufunga projekta. Yaya Philo alikuwa nje na shangazi zake, Tantine Régine akiwa mkuu wao, na kopo la poda limefichwa ndani ya kitenge. Mnaijua desturi: jury wakisema umepita, wanawake wanakumwagia poda kichwani na kuimba. Si kabla. Kabla ni kuita mkosi.

Nikakaa peke yangu na mashine. Kuna kitu kwenye programu kinaitwa kuficha diapo. Haifutiki, inabaki pale pale, ila ukifinya inarukwa. Unaweka kidole, unachagua, basi. Nikaficha ya pili. Nikaficha ya tatu, na ya nne. Picha nikazikuza hadi zikajaza ukuta. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayekula karanga. Nilipomaliza, kati ya arobaini na moja zilibaki kumi na tatu: kichwa cha habari, picha, na mchoro mmoja. Nilijisikia daktari. Daktari anamuuliza mgonjwa kwanza, hilo halikunijia.

Jury wakaingia, watano. Yaya Philo akaenda ukutani. Akasoma jina la kazi yake, akasalimu kwa kufuata vyeo, sauti ndogo lakini ipo. "Suivant."

Nikafinya. Ukutani akatokea Yaya Philo mkubwa kuliko mlango, mahindi yamemfika begani. Neno hata moja hakuna.

Yaya Philo wa kweli akageuka kusoma. Akatafuta juu, akatafuta chini. Akanitazama. "Suivant," haraka.

Nikafinya. Yaya Philo yule yule, shamba lingine, mahindi yamemfika gotini.

Nikasikia feni ya projekta. Nikangoja mabega yake yashuke. Yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Mikono yake ikashika kiuno, ikaachia, ikashikana, ikaachana. Président akasema kwa upole, "Mademoiselle, tunakusikiliza." Akaugeukia ukuta tena: mahindi tu. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Mguu wangu ukaanza kupiga meza, meza ikatikisa projekta, na kule ukutani mahindi yote ya Lukafu yakaanza kucheza kama yameingiwa na upepo.

"Image inatikisika," mmoja wa jury akasema.

Nikafinya ili nijiokoe. Akatokea mbuzi.

Sala ikacheka. Nikataka kuzirudisha zile nilizoficha, nikatoka kwenye onyesho, na sasa ukuta mzima ukaonyesha uchi wetu: safu za diapo ndogo ndogo, nyingi zimefifia, namba zao zimekatwa mstari. Nikafinya hapa na pale, hakuna kilichorudi. Nikasikia viatu. Yaya Philo alikuwa ameacha ukuta, amesimama juu yangu.

"Toka."

"Yaya, nitaira—"

"Toka pa kiti."

Nikasimama. Nafasi ya kwenda ilikuwa moja tu, pale ukutani alipotoka yeye. Nikasimama pale na shati langu jeupe la shule, diapo zikinipita kifuani.

"Na weye, uko nani?" président akaniuliza.

"Miye njo nilikuwa nafinya, professeur."

"Mademoiselle, kuko matatizo ya technique?"

"Hapana, professeur," Yaya Philo akasema. Alikuwa amekwisha kaa. Hakuinua macho, vidole vilikuwa vimekwisha kuanza kazi. "Diapo zilifichwa, nazirudisha. Hii ya pili ilikuwa inasema juu ya udongo ya Lukafu. Iko muchachu. Ukiweka engrais, mbolea ya duka, peke yake, mahindi inakula kidogo tu, ingine inapotea bure. Hii ya tatu, ni namna nilikata shamba parcelle ine..."

Na akaendelea. Kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, vimechanganyika kama kibandani. Nilimtazama président nikidhani atamkataza, lakini alikuwa amenyoosha shingo kama kuku aliyesikia mtama. Yaya Philo alifungua diapo moja, akasema iliyomo kwa sentensi mbili, akaifungua nyingine. Alikuwa anafanya kile alichokifanya kila siku: mikono kwenye vidude, mdomo umeachiwa. Miaka miwili nilimuona hivyo na sikuona. Tulimweka ukutani bila kitu mkononi, mimi nikamkalia kiti.

"Hii iko parcelle bila kitu. Ilinifika pa goti. Hii, chokaa peke: pa kiuno. Hii ya chokaa na engrais—" hapo akasimama, mkono mmoja bado kwenye mashine, wa pili akajipiga begani, "—hapa. Na mvua ilikuwa moja."

"Na ile ya engrais peke?" akauliza yule aliyelalamikia picha. "Katika kitabu umeandika 'pertes accidentelles', hasara ya accident. Accident gani?"

"Mbuzi, professeur."

"Mbuzi?"

"Huyu mwenye mulimuona. Iko ya chef wa kijiji. Iliingia asubuhi, ikakula mistari mbili. Nikaenda kwa chef, akaniambia, 'Kama mbuzi yangu ilichagua pale, njo chakula iko muzuri. Andika.'"

Hata katibu wa jury akacheka. Yule professeur hakucheka. "Sasa hesabu ya parcelle ile inasimama namna gani?"

Yaya Philo akafinya mara mbili, akaleta mchoro.

"Haisimame yote. Nilipima mistari yenye ilibakia, na ndani ya kitabu nilisema iko michache, haitoshe kuhakikisha. Nikirudia, nitajenga lupango ya kuzuia mbuzi mbele ya kupanda mbegu."

Professeur akaandika kitu. Président akatazama saa. Muda ulikuwa umekwisha, na Yaya Philo alikuwa bado anafungua diapo ya ishirini na tano. Nadhani hakujua kwamba alikuwa ametetea.

Walitutoa nje ili wajadiliane. Wadogo zangu, hakuna kazi ngumu kama kungoja mlango. Nilizunguka nguzo ya veranda mara nyingi hadi Tantine Régine akanishika kola. Mkono wake mwingine ulikuwa ndani ya kopo.

"Tantine, bado!"

"Najua bado. Ninapasha mukono tu."

Yaya Philo alisimama mbali nasi, amekunja mikono, hakunitazama. Mlango ukafunguka, tukaitwa, tukasimama. Katibu akasoma karatasi yenye heshima nyingi, na mwishoni heshima ikafika: kazi imekubaliwa. Président akaongeza, "Mademoiselle, ungelikaa pa ile kiti toka mwanzo, tungemaliza mbio."

Nje wakaimba. Poda ya kwanza ikamwangukia yeye. Ya pili ilirushwa wakati ameinama kumsalimu mama yake, ikanikuta mimi nyuma na projekta mikononi. Kisha Tantine Régine akasema, "Na huyu mutoto wa kufinya, naye alitumika kazi!" akanimwagia kopo lililobaki, lote. Nikawa mweupe hadi kope. Yaya Philo akajifuta kwa kitenge kwa sababu alipaswa kurudi kuwashika mkono jury. Mimi mikono ilikuwa imejaa, poda ikabaki.

Tukarudi kwa miguu kuelekea kibandani, yeye na kompyuta, mimi na projekta. Mitaa miwili alitembea mbele yangu.

"Yaya, félicitations, hongera."

Akahamishia kompyuta kwapa la pili.

"Yaya, lakini uliona? Bila ile maneno yote—"

"Ulificha diapo zangu."

"Nilificha tu. Sikufuta."

"Ungeniuliza, ningekatala."

"Njo maana sikukuuliza."

Akasimama. "Ningekatala, ningeanguka na diapo zangu mwenyewe, ningelia, ningeenda ku nyumba. Ile ingekuwa yangu. Sasa hii nayo, kila siku nitajiuliza kama iko yangu ao iko ya Merdi." Akashika njia tena. "Kesho usikuye."

"Na kesho kutwa?"

"Usikuye."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na karatasi.

Dereva wa pikipiki akapita karibu, akaniona poda, akapiga honi: "Félicitations, ingénieur!" Na mimi, kwa mazoea tu, nikajibu, "Merci, mukubwa!"

Yaya Philo akanitazama.

Nikageuka, nikapiga kelele nyuma ya pikipiki: "Haiko miye! Iko yeye!" Alikwisha kufika mbali. Lakini watoto wa shule wakaja na makofi, nikawaambia, haiko miye, iko yeye. Mlinzi wa ghala akainua kofia: haiko miye, papa, iko yeye. Mwanamke wa nyanya akaanza kupiga vigelegele, nikamzuia katikati: mama, haiko miye. Njia ile sikujua ina watu wengi namna ile. Kila mara nilimwangalia Yaya Philo pembeni ya jicho, na kila mara alitazama mbele kama mtu anayehesabu nguzo.

Karibu na reli tukakutana na papa mmoja anayesukuma baiskeli ya makala, yaani mkaa, magunia matatu juu yake. Akasimama, akanitazama kutoka kichwa hadi viatu.

"Mwana, félicitations. Ulisoma nini?"

"Haiko miye, papa. Iko yeye. Alisoma mahindi. Mahindi na udongo, kule Lukafu."

Papa akaegemeza baiskeli kwenye ukuta. Akafuta mikono kwenye suruali, akampa Yaya Philo yote miwili. "Mama, kumbe Mungu njo anakutuma. Mahindi yangu kule ku shamba inabakia mifupi kila mwaka. Naweka engrais, naweka, inakatala. Juu ya nini?"

Yaya Philo akanipa kompyuta, nikaishika juu ya projekta kwa kidevu. Akachuchumaa pale pale kando ya reli, akachota udongo mwekundu, akausugua kati ya vidole.

"Papa, udongo yako iko rangi gani? Ukishika hivi, inakamata mukono ao inatawanyika? Kuya uone..."

Papa akachuchumaa naye. Yaya Philo akasema, akaonyesha, akachota mwingine, akasema tena, sauti ile ile ya kibandani, na wanawake wawili wenye majembe wakasimama kusikiliza. Mimi nilikuwa nimesimama juu yao, poda ikiniingia machoni, mikono imejaa vyombo, na hapakuwa na kitu cha kufinya.